Gesi Isiyo na Marashi

Mke alifunga regulata kwenye mtungi mpya, akasubiri ule mlio mdogo unaosema imekaa, akavuta pumzi kwa pua, kisha akacheka.

"Leo mmetuletea gesi ya kistaarabu," akasema. "Haina ule uvundo wenu."

Mume alikuwa amekaa mlangoni pa jiko akivua viatu vya kazi. Mikono ikamganda kwenye kamba za kiatu.

"Hainuki?"

"Hata chembe. Siku zote nikifunga mtungi lazima nikimbilie dirisha. Leo utadhani nimefunga mtungi wa maji."

Wasiojua hudhani gesi ya kupikia huzaliwa na harufu yake. La. Gesi yenyewe haina harufu yoyote. Inaweza kujaa chumba kizima watu wakiwa wamekaa wanapiga soga, ikangoja njiti moja tu ya kiberiti. Ule uvundo wa yai viza hutiwa kiwandani kwa makusudi, ili ikivuja watu washtuke na kukimbia. Wafanyakazi waliuita marashi, kwa utani, kwa kuwa tone moja likimwangukia mtu nguoni, mkewe humlaza sebuleni siku tatu. Na mwenye kazi ya kuhakikisha marashi yameingia, wa kunusa kila shehena kabla ya mitungi kujazwa na kuandika "Inanuka" kwenye daftari la zamu, alikuwa huyuhuyu aliyeshika kamba za kiatu. Kwa miaka tisa wenzake walimwita Pua, na hata jirani wa ukuta mmoja hakujua kama ana jina jingine.

Tatizo ni kwamba Pua hakuwa na pua. Tangu yale mafua makali ya miezi mitano iliyopita hakusikia tena harufu ya kitu chochote, si sabuni, si choo, si marashi. Nyumbani hakumwambia mtu. Mkewe alijipaka mafuta mapya yenye kunukia akajipitisha mbele yake mara tatu, naye akaendelea kusoma gazeti, wakanuniana siku mbili. Kiwandani alijua mtu mmoja tu.

"Funga koki," Pua akasema. Sauti yake ilimtoka nyembamba, na mkewe akaifunga kabla hajauliza kwa nini.

Akaubeba mtungi hadi uani, akamwita mama yake, akafungulia kidogo sana.

"Mama, hebu nusa."

Mama yake akainama kwa shida ya kiuno. "Ninuse nini, mwanangu? Upepo tu."

Binti yao wa miaka kumi naye akainama, akanusa, akatikisa kichwa. Pua akafunga, akausukuma mtungi hadi kona ya mwisho ya ua.

"Valvu mbovu," akasema. "Asiuguse mtu."

"Na chakula?" mkewe akauliza.

"Tutakula mkate."

Walikula mkate na chai ya asubuhi iliyobaki kwenye chupa. Mke akasema kwamba kweli mganga hajigangi, mtu wa gesi ndiye hana gesi, na binti akacheka. Pua naye alicheka, akajimwagia chai mapajani.

*

Ijumaa asubuhi alimkuta Mtafiti kwenye pampu ya marashi, amevaa glavu, anafuta saa ya kipimo kwa kitambaa. Jina hilo alipewa kwa sababu kila mazungumzo aliyafunga kwa maneno yaleyale: fanya utafiti wako. Alikuwa mfanyakazi hodari, hachelewi, haombi ruhusa. Mama wa Pua alipolazwa, Mtafiti ndiye aliyejitolea damu, ingawa aliamini kabisa kwamba hospitali huiuza. Simu yake ilikuwa imejaa video za watu wanaozungumza haraka wakiwa wamekaa ndani ya magari. Chumvi ilikuwa na jambo, taa za barabarani zilikuwa na jambo, na nyuma ya yote walikuwapo Wao. Wenzake walimtania, "Mtafiti, leo Wao wamefanya nini?" Aliwajibu bila kukasirika.

Pua alipopatwa na maradhi yake, ni huyu aliyegundua, na ni huyu aliyesema, "Usihofu, ndugu yangu. Mimi nitakuwa pua yako." Tangu siku hiyo walisimama pamoja kwenye kisanduku cha kunusia. Mtafiti alinusa, akakunja uso, akasema inanuka, na Pua akaandika.

"Jana nimepeleka mtungi nyumbani," Pua akasema. "Hauna marashi."

Mtafiti hakukana. Alitabasamu kama mtu ambaye zawadi yake imefunguliwa kabla ya wakati.

"Umejuaje?"

"Mke wangu."

"Shemeji ana pua nzuri."

"Tangu lini?"

"Jumatatu. Nilifunga koki ya marashi saa moja asubuhi. Daftari la pampu nimelijaza kama kawaida."

"Na ulipokuwa unaniambia inanuka?"

"Nilikuwa nakulinda."

Pua alitazama nyuma. Kiwanda kizima kilikuwa kimelowa harufu ile miaka na miaka, kwenye kuta, kwenye sare, kwenye nywele za watu, ndiyo maana hakuna aliyegundua kwamba mitungi yenyewe haina kitu.

"Mingapi?" akauliza.

"Mia sita na arobaini, mpaka jana jioni." Mtafiti alivua glavu moja, akahesabu kwa vidole. "Majiko mia sita na arobaini, ndugu yangu. Akina mama wanapika, watoto wanapumua hewa safi kwa mara ya kwanza."

"Ikivuja?"

"Itavujaje? Na ikivuja watu wana masikio. Babu zetu walipika miaka yote, nani aliwatilia dawa kwenye moshi?"

"Babu zetu walipika kwa kuni!"

"Enhe. Umeona?"

Pua hakuona kitu. Mtafiti akamsogelea, akamshika bega, na macho yake yalikuwa na huruma ya kweli, jambo lililomtisha Pua kuliko kama angemkuta ameshika kisu.

"Hebu jiulize," akasema kwa sauti ya chini. "Pua yako imekufa kwa nini? Mafua? Nani hajaugua mafua? Umenusa hii dawa miaka tisa. Kwanza wanaua pua, halafu kichwa, halafu mtu anakuwa anakubali kila kitu. Mimi nilikuwa nasoma tu mitandaoni, nina wasiwasi, sina hakika. Wewe ndiye uliyenipa hakika. Nilipoona umekufa pua nikasema, sasa basi."

"Mimi?"

"Wewe ndiye ushahidi wangu."

Pua alitoa mkono ule begani. "Itabidi nimwambie Meneja."

"Mwambie. Lakini atauliza daftari la zamu ni la nani na mwandiko ni wa nani. Zile 'Inanuka' zote ni zako. Halafu atauliza pua iko wapi." Mtafiti alivaa glavu yake tena. "Sikutishi. Nakuonea huruma tu."

Pua alipita pembeni yake, akaifungua koki ya marashi mwenyewe hadi mwisho. Mtafiti hakumzuia. Alijifunika pua kwa leso, akatikisa kichwa kama anayemtazama ndugu yake akirudia pombe. Getini lori la kwanza lilikuwa linatoka, na dereva akachungulia dirishani na ule utani wake wa kila siku.

"Vipi Pua, inanuka?"

"Inanuka," Pua akajibu, na lori likaondoka.

*

Saa ya mapumziko alipanda baiskeli hadi nyumbani. Mkewe alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za shule za watu. Pua alikaa juu ya kitanda, akaanza na pua, kwa kuwa hakuona namna ya kuanza na mitungi.

"Husikii harufu? Tangu lini?"

"Tangu yale mafua."

"Kwa hiyo yale maziwa yaliyochacha, ukanywa glasi nzima ukasema matamu..."

"Sikujua."

"Na mafuta yangu?"

"Sikuyasikia, mama watoto. Wallahi sikuyasikia."

Mke alicheka, na kicheko kikamkatikia njiani pale Pua aliposimulia yaliyobaki. Alisikiliza mpaka mwisho, mguu ukiwa juu ya kikanyagio cha cherehani, hausogei.

"Watakufukuza," akasema.

"Wanaweza hata kunifunga."

"Basi nyamaza."

Pua akamtazama.

"Si umeshafungua hiyo koki? Mitungi ya leo itanuka. Ile mingine watu wataipikia, wiki tatu itakuwa imekwisha yenyewe, na hakuna aliyejua. Mimi sijasikia kitu, wewe hukuniambia kitu."

"Na kama mmoja unavuja?"

"Mmoja kwenye mia sita! Wewe unawajua hao watu mia sita? Mimi nawajua watatu. Nakujua wewe, namjua mama yako, namjua mtoto. Hao wanakula kwa mshahara wako. Hizi sare nashona kumi kwa wiki, na kodi nani atalipa, Mtafiti?"

Mama wa Pua alikohoa chumba cha pili, kikohozi cha kuwajulisha watu kwamba ukuta ni mwembamba. Mke aliogopa, na hofu ilimfanya awe mkali. Alivuta kitambaa chini ya sindano akashona upande usio wake, akaanza kufumua.

Hapo ndipo jirani alipoita kutoka ng'ambo ya ukuta wa ua.

"Jirani! Mwambie bwana ahsante! Mtungi wa safari hii mzuri, hauna uvundo kabisa. Na hili vumbi la leo, nimeweza hata kufunga dirisha. Mtoto nimemlaza humuhumu jikoni, ananiangalia nikipika."

Mke wa Pua aliinuka. Kiti kilianguka nyuma yake hakukiokota. Alitoka pekupeku, wakamsikia akigonga mlango wa jirani kwa kiganja, wakasikia maneno ya haraka, mtoto akilia kwa kuamshwa, na baada ya kitambo akarudi amebeba mtungi kiunoni, jasho linamtiririka, jirani nyuma yake akilalamika.

"Nimelipia mie huo! Jirani gani huyu anaingia anang'oa vitu!"

Mke aliutua mtungi uani kando ya ule wa kwanza. Akamgeukia mumewe, akihema.

"Nenda," akasema. "Nenda sasa hivi kabla sijabadili mawazo."

Mama wa Pua alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha chumba chake, ameshika ukuta. "Mwanangu, mficha uchi hazai," akasema. "Panda baiskeli."

*

Meneja hakuamini, si habari ya mitungi bali habari ya pua. Aliagiza kichupa cha marashi kutoka stoo, akakifungua mwenyewe juu ya meza. Karani wake akatoka mbio amejiziba mdomo. Machozi yakamjaa Meneja machoni, akakohoa, akakisogeza kichupa hadi chini ya uso wa Pua. Wahasibu wawili walikuwa wamesimama mlangoni wakitazama.

"Hii?"

"Sisikii kitu, bosi."

"Vuta!"

Pua alivuta, mara moja, mara mbili, kama mtoto anayelazimishwa dawa. Kichwa kilianza kumwuma.

"Sisikii."

"Miezi mitano umekuwa ukiandika nini kwenye daftari langu?"

"Nilikuwa naandika ninachoambiwa."

Mmoja wa wahasibu alicheka kwa bahati mbaya, akageuza kikawa chafya. Meneja alinyoosha mkono, na Pua akavua kitambulisho shingoni akampa. Aliambiwa asiondoke mjini, ataitwa kuandika maelezo. Simu zikaanza kupigwa, magari yakaitwa yarudi. Walipomtafuta Mtafiti walikuta koti lake la kazi likining'inia kwenye msumari, limekunjwa mikono vizuri.

Jumamosi asubuhi gari lenye kipaza sauti lilipita mitaani. Mtungi wowote usionuka usiwashwe, urudishwe, utapewa mwingine bure. Ingekuwa kazi rahisi. Lakini tangu Ijumaa jioni sauti ya Mtafiti ilikuwa ikiruka kutoka simu hadi simu, tulivu, ya upole. Ndugu zangu, kwa bahati imetoka gesi safi, siku nne tu. Mtaona watakavyoikimbilia kuirudisha. Jiulizeni kwa nini.

Na watu walijiuliza. Gari lilipopita kweli, kama ilivyotabiriwa, waliogopa, lakini waliliogopa gari.

"Lini kampuni ilipita mtaani kutuhurumia?" akasema fundi viatu mmoja, akacheka na wenzake. "Bure? Cha bure kina nini ndani?"

Hadi saa sita mchana mitungi iliyorudi haikufika mia tano. Mingine ilikuwa chini ya vitanda, imefunikwa mashuka, au iko jikoni inapikia hadharani. Lisemwalo lipo, watu waliambiana, na kama halipo laja.

Pua hakuwa tena mtu wa kiwanda, lakini alizunguka. Alibeba beseni la maji ya sabuni na sifongo, mkewe akatangulia kubisha hodi, kwa sababu mwanamke hafungiwi mlango haraka. "Hatuchukui mtungi," mke alisema kila nyumba. "Tunapaka povu tu kwenye maungio. Likivimba, inavuja." Wengine waliwaruhusu. Wengine waliwamwagia maji machafu miguuni. Mwanamke mmoja alimwuliza Pua analipwa shilingi ngapi kwa kazi hiyo, naye akajibu kweli kwamba halipwi, na hilo likamtia mwanamke shaka zaidi akafunga mlango. Kila jiko waliloingia, mke wa Pua alijikuta akinusa hewa kwa mazoea. Alikuwa na pua ya kusikia uzi ukiungua kwenye pasi, na humo ndani haikumfaa kitu.

Nyumba ya Mtafiti waliifikia saa tisa.

Alifungua mwenyewe. Alitazama beseni, akatazama povu.

"Umekuja kuniosha ubongo?"

"Nipe dakika mbili," Pua akasema. "Mtungi wako ni wa Jumanne, nilikuona ukiupakia. Nikikuta mzima nitapita kila nyumba niseme wewe ndiye mkweli."

Mtafiti alifikiri, na kwa kuwa hakuwa na hofu hata kidogo, akasogea pembeni. "Karibu. Pima. Mimi nataka watu wapime."

Jiko lilikuwa chumba kidogo cha nyuma. Dirisha Mtafiti alilibandika karatasi za foili pande zote kuzuia mawimbi ya minara ya simu, na ndani palikuwa na giza kama saa ya magharibi. Mke wa Mtafiti alikuwa amesimama mbele ya jiko, mtoto mgongoni, sufuria ya maji imeshakaa mahali pake, kiberiti mkononi.

"Shemeji, usiwashe kwanza," Pua akasema.

"Nilikuwa nataka kuwasha, mkabisha."

Pua alipiga magoti. Alichovya sifongo kwenye beseni. Alipaka pale mpira unapoingia kwenye regulata, akasubiri. Hakukuwa na kitu. Mtafiti akaguna. Kisha povu likatoa kijipovu kama punje ya dengu, kikakua, kikawa kama yai, kikapasuka, na mara kingine kikaanza mahali palepale. Wote wanne walikiona. Pua aliikamata koki, akaifunga kwa nguvu zake zote, lakini hakuna aliyejua imevuja tangu lini, wala ni kiasi gani kimejaa ndani ya chumba kile.

Mtafiti alichuchumaa. Alikitazama kile kijipovu kwa karibu. Pua alidhani ameelewa sasa, akataka hata kumshika mkono.

"Wameutoboa," Mtafiti akasema. "Wamejua ni wa kwangu." Kisha akamgeukia. "Au ni wewe? Umetia nini kwenye hilo povu?"

Mke wa Mtafiti alimtazama mumewe pale chini. Alikiweka kiberiti kwenye kiganja cha mke wa Pua, akamkaza mtoto mgongoni, akatoka nje bila viatu.

"Wewe! Unakwenda wapi? Rudi!" Mtafiti aliinuka. "Subirini. Subirini nitazame vizuri walipopatoboa, humu mna giza." Akanyoosha mkono ukutani kutafuta swichi ya taa.

Pua, aliyejua kwamba cheche ya swichi yatosha kuwa njiti ya kiberiti, alimrukia. Alimdaka mkono kwa mikono yake miwili, vidole vikiwa shubiri moja kutoka kwenye swichi, wakaangukia ukuta, beseni likapinduka. Mke wa Pua alikuwa tayari dirishani anararua zile karatasi kwa kucha, na kipande cha kwanza cha mwanga kikaingia.

Mtafiti hakupigana. Alisimama tu, mkono wake umebanwa, akamtazama mwenzake kwa ile huruma yake, akamwuliza taratibu kama mtu anayemwuliza mgonjwa.

"Unaogopa nini, ndugu yangu? Kwani unasikia harufu yoyote?"

"Hapana," Pua akasema. "Sisikii."

Na hakumwachia.